Pazia la Ndege wa Manjano

Kasongo, tarehe 1 Julai 2023

Salomon wangu,

…na pazia? Hapo ndipo simu ilipokatika. Uliuliza, “Na pazia je?” kisha ukapotea, nikabaki nimesimama uani nikiujibu upepo. Basi jibu langu ni hili: nimelipata sokoni. Ni bluu hafifu, lina ndege wa manjano kila mahali. Upepo ukiingia dirishani wanaruka wote pamoja na hawaendi popote. Jana nililala chini yake mchana nikaota nyumba yetu imebebwa na wale ndege, inapita juu ya Lualaba taratibu, na wewe uko chini kwenye mtumbwi unanipungia kofia yako ya kazini.

Simu nimeichoka, mume wangu. Huko Lusangi mtandao unaupata juu ya kilima tu, na ukipanda huko nausikia upepo kuliko ninavyokusikia wewe. Tuandikiane. Amisi anakuja huko na piki yake kila mara kuwapelekea watu wa dhahabu bidhaa zao, na amesema barua ya shemeji yake haina uzito. Nami nitaweza kukusoma tena na tena, jambo ambalo simu hainiruhusu.

Nimeolewa! Bado naamka nikilisema neno hilo kimya kimya kabla sijafungua macho. Asubuhi za Kasongo ni kama mtu anayeamka bila haraka. Adhana inaanza, kengele ya kanisa inaifuata kabla haijaisha, na katikati ya sauti hizo mbili ndimo ninamokulaza kichwani mwangu. Halafu zinapita baiskeli zenye magunia ya mpunga, halafu harufu ya mawese kwa jirani. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, niliyezoea kelele tangu tumboni, nafikiri nimehamia ndani ya ndoto ya mtu mwingine, na mtu huyo ni mkarimu.

Kuna jambo moja tu. Wameanza kuchoma mashamba. Jioni moshi unashuka juu ya mabati, mzuri sana kuutazama na mbaya sana kuuvuta. Pumu yangu imeamka. Pompi yangu ya kuvuta dawa imebaki nyepesi mkononi. Na watu wa bima ya kampuni yenu wameniandikia: kwa kuwa nimehama nchi, daktari wangu wa Bujumbura hawamkubali tena. Nichague daktari wa familia hapa Kasongo, aniandikishe kabla ya Julai kwisha, ndipo waendelee kunilipia dawa. Nikikosa, itabidi nirudi Bujumbura kutibiwa. Unamjua mama yangu. Amesikia tu neno “kurudi” na tayari ametandika kitanda changu cha zamani.

Sitaki kile kitanda, Salomon. Nataka hiki chetu, hata kikiwa na mtu mmoja.

Mama Séraphine, jirani yetu, nilimuuliza kuhusu daktari. Akasema, “Docta wa nini, mutoto? Kifua iko na dawa yake. Unakunywa maji ya majani, na unaacha kuwaza bwana.” Nikamwambia la kwanza naweza. Alicheka mpaka akauacha mchi ndani ya sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga.

Katika orodha ya bima kuna kliniki moja tu kwa Kasongo nzima, ile ndogo nyuma ya soko. Daktari anaitwa Hippolyte, wanasema amehamia karibuni kutoka Kindu. Unamjua? Nitakwenda juma lijalo.

Na lini utanipeleka Wamaza kwenu? Kaka yako alisimama peke yake kwa niaba ya ukoo wote siku ya harusi yetu, wewe ukanileta hapa, na kesho yake kampuni ikakuita. Zaidi yake sijaona uso wa mtu wenu hata mmoja. Lakini jina la baba yako nimeshalishika, mwalimu Jean-Paul, nalitaja kila siku katika sala.

Wako, wako, wako,
Naomie


Lusangi, tarehe 5 Julai 2023

Sheri wangu,

Amisi alifika akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka, akaitoa barua yako kifuani na kusema, “Haina uzito kweli, lakini njia nzima ilikuwa inanuka manukato.” Wenzangu wote wamejua. Sasa hapa kambini naitwa Bwana Manukato.

Kazi yangu ni ile ile. Naitunza mashine, nayo inatoboa ardhi. Wazungu wanautazama udongo kwa furaha ambayo mimi naiweka kwa ajili yako. Jioni, wachimbaji wakirudi mtoni na karai zao, nakaa juu ya jiwe na kuchagua ni wapi, upande ule wa moshi, ilipo Kasongo. Nadhani nakosea upande, lakini natazama hivyo hivyo.

Huyo daktari Hippolyte wa Kindu simjui. Nenda. Na nikupe siri ya kwetu: watu wa hapa wanamtunza vizuri mgonjwa wanayeijua asili yake. Usikae kimya kama mgeni. Sema wewe ni mke wa nani, na mumeo ni mtoto wa nani, wa wapi. Utaona atakavyobadilika.

Wamaza subiri likizo yangu. Kumwonyesha mke kwa baba zangu kuna taratibu zake, si kitu cha kufanya mtu akiwa na koti begani. Nitakueleza nikija.

Usipike kwa kuni jikoni ndani. Pikia nje, upepo ukiwa nyuma yako. Nakuona ukikunja uso. Pikia nje.

Mume wako,
Salomon


Kasongo, tarehe 10 Julai 2023

Salomon, jua langu,

Daktari nimemwona. Kliniki ni safi, ina viti vya mbao na mpapai mlangoni. Usiwe na wasiwasi wowote.

Leo nimeketi siku nzima dirishani. Moshi umekuwa mwingi mpaka jua linaonekana kama chungwa lililomenywa, unaweza kulitazama bila kufumba. Nilikuwa nawaza yale mambo madogo. Unavyofunga kamba za viatu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Unavyosema “ebu” kabla ya kunibusu, kana kwamba nilikuwa nimekuzuia njia. Mtu anaweza kuishi na furaha ndogo kama hizi hata kama si kwa muda mrefu. Sivyo?

Hivi, nikiwa sipo, nani atakukumbusha kula? Nauliza tu.

Nimelala sana siku hizi. Niliota mtoto wa kike ameketi chini ya pazia letu akiwahesabu ndege. Akaniuliza, “Mama, baba atakuja lini?” Nikafungua mdomo na hakuna sauti iliyotoka, ndege tu walitoka.

Kuna jambo nitakalokuambia ukija. Si la kwenye barua. Usije kama kazi ni nyingi. Lakini ungekuja, Salomon. Ungekuja tu.

Naomie wako


Lusangi, tarehe 13 Julai 2023

Mama! Mama wa watoto wangu!

Ulidhani sitaelewa? “Jambo ambalo si la kwenye barua.” Analala mchana! Anaota mtoto! Mimi ni fundi wa mashine, Naomie, nikisikia mlio nauelewa.

Nilipiga kelele mpaka mzungu mmoja akaja mbio akidhani mtu ameangukiwa. Wenzangu wameimba. Mwenye hema la chakula ametoa nyama ambayo tangu nifike alikuwa anasema haipo. Bwana Manukato sasa ni Baba Manukato.

Akiwa wa kike, namwita Esther-Divine. Akiwa wa kiume, chagua wewe, nitakubali kila kitu isipokuwa jina la mjomba wako yule wa Buyenzi. Kunywa maziwa. Usiinue ndoo. Mwambie Mama Séraphine akutekee maji, nitamletea kikwembe kizuri cha kujifunga. Na daktari amesema nini? Kifua kinaruhusu? Mwambie nampa mkono wa shukrani kutoka mbali.

Nimeomba ruhusa, wamesema hapana mpaka Septemba. Nitaomba tena kesho, na kesho yake, mpaka wachoke.

Nimelia kidogo pale kilimani. Ni vumbi, bila shaka.

Salomon, baba wa mtu


Kasongo, tarehe 15 Julai 2023

Mume wangu,

Hakuna mtoto. Nisamehe. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa sakafuni, kisha nikaikunja. Nyama ya watu wale, nyimbo zao, yote hayo nimeyaiba bila kutaka. Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu naona kimya changu kinazaa uongo bila mimi kusema neno.

Nilikwenda. Daktari ni mzee, mrefu, ana pengo la meno mbele, na alikohoa mara mbili mlangoni kabla ya kuingia kwenye chumba chake mwenyewe, kama mtu anayebisha hodi kwake. Nilimpenda papo hapo. Aliniambia nifungue blauzi mgongoni. Akakipasha moto kile chuma cha kusikilizia ndani ya viganja vyake, kisha akakiweka mgongoni mwangu, anaimba kwa pua wimbo fulani wa kanisa. “Vuta pumzi. Toa. Vuta.” Nikajisikia mtoto aliyeletwa mahali pema. Basi nikafanya ulivyoniambia. Nikasema, “Mimi ni mke wa Salomon Lwamba, mtoto wa mwalimu Jean-Paul wa Wamaza.”

Wimbo ukakatika.

Akauliza polepole, “Mtoto wa nani?”

Nikarudia, kwa fahari: “Wa mwalimu Jean-Paul.”

Salomon, alikiondoa kile chuma kama kilichomuunguza. Nikageuka. Alikuwa ameutazama ukuta, mkono mmoja umefunika macho. Alitoka kwa mlango wa nyuma, nikasikia maji yakimiminwa uani. Nilisubiri na blauzi mkononi. Akaja muuguzi, dada mmoja anaitwa Plamedi, akaniambia nivae.

“Daktari amesema nini?”

“Amesema mwambie bwana yako akuje.”

“Kwa nini? Ameona nini?”

“Mimi sijui, mama. Amesema tu: bwana akuje yeye mwenyewe. Haiwezi kusemwa kwa mwengine.”

Na pompi hakuniandikia, wala kuniandikisha kwa bima.

Sasa nikuambie kwa nini niliogopa hivyo. Nilipokuwa darasa la pili, baba yangu alikwenda hospitali na kikohozi, akitembea kwa miguu yake, ananitania njiani. Daktari alimsikiliza kifua, akatoka nje, na muuguzi akatuambia maneno hayo hayo: mkeo aje. Mama alikwenda. Baba hakurudi. Tangu siku hiyo najua daktari asiyetaka kukutazama usoni ametazama kitu kingine ndani yako.

Sikutaka ujue kwenye karatasi. Nilitaka unishike nikikuambia. Usiku kifua kinapiga filimbi, na pompi sasa inatoa hewa tu. Mama amepiga simu, amesema anatuma mtu kunichukua mwisho wa mwezi. Sikumwambia hapana. Sikuwa na pumzi ya kutosha kusema hapana.

Niambie tu kama jua limeonekana huko leo.

Naomie


Lusangi, tarehe 17 Julai 2023

Naomie, Naomie, Naomie,

Naandika nikiwa nimeegemea piki ya Amisi, injini haijazimwa. Hufi. Soma tena: hufi. Keti chini, kunywa maji, na kisha uchague kama utacheka au utanipiga.

Huyo mzee anakohoa mara mbili kabla ya kuingia mahali. Anaimba kwa pua. Ana pengo mbele. Lile pengo alilipata kwenye mteremko wa Wamaza, alipoanguka na baiskeli akiwa amenibeba mimi nyuma, nina umri wa kuanza shule. Alinirukia ili nisigonge jiwe, akaligonga yeye. Nyumbani hatukumwita Hippolyte hata siku moja, wala sikujua kwamba jina hilo ni lake. Tulimwita Baba Kadogo. Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa Kindu, na kwa kichwa changu mtu akikaa Kindu anakaa Kindu.

Ni mdogo wa baba yangu, Naomie. Na kwetu ndugu wote wa baba ni baba. Umemfungulia mgongo baba mkwe wako.

Kosa ni langu lote. Katika ukoo wetu, mke na baba mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawali mahali pamoja. Na mke hatamki jina la baba mkwe, kamwe. Wewe umelitamka mara mbili ukiwa umeshika blauzi mkononi! Mpaka siku mume anapomleta mkewe, anamketisha kwenye mkeka mbele ya baba zake, na kuwakabidhi jogoo mweupe. Siku hiyo macho yanafunguliwa, na baba anaweza kumtazama mkwe wake kama binti. Ndizo zile taratibu nilizosema nitakueleza nikija. Nilidhani zinaweza kusubiri. Nilidhani Wamaza iko mbali. Halafu nikakutuma wewe mwenyewe, kwa mwandiko wangu, ukaseme ukoo wote!

Ndiyo maana alisema nije mimi. Yeye hawezi kukuambia “mimi ni baba mkwe wako”. Mwenye kukuonyesha ni mimi tu. Si kwamba aliona kitu kifuani mwako. Alitazama ukuta kwa sababu ya heshima.

Nimemwandikia na yeye. Amisi amesema hatalala njiani. Usiende Bujumbura. Nakusihi, mwambie mama yako nimeomba siku chache, anitukane kwa hizo siku zote, nitazisikia huku.

Na kuhusu mtoto: wenzangu nimewaambia. Yule mwenye hema la chakula akasema, “Basi nyama ilikuwa ya harusi yako, hatukuwa tumeila.” Hukuiba chochote.

Jua limeonekana leo. Dogo, jekundu, lakini limeonekana.

Mume wako mjinga,
Salomon


Kasongo, tarehe 19 Julai 2023

Salomon,

Mwanangu, barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana mtu akitukanwa na kuombwa msamaha kwa ukurasa mmoja hajui akae au asimame.

Ulitaka nimwambie nini yule mtoto? Nimpe habari kupitia Plamedi kwamba daktari aliyemwambia afungue blauzi ni baba mkwe wake? Nilikwenda uani nikajimwagia maji kichwani, nikakaa nyuma ya mpapai mpaka nikasikia amekwenda. Nina miaka mingi ya udaktari, na sijawahi kujificha nyuma ya mti nimkimbie mgonjwa. Mama yako Ernestine, mke wangu, alikuwa Wamaza kwenye kilio, vinginevyo angenitoa kwa sikio. Amerudi jana. Amenitoa kwa sikio.

Anasema heshima inayomwacha mwana wa watu bila pumzi si heshima, ni uzembe uliovaa kanzu.

Lakini jogoo ni jogoo. Siwezi kumtazama kabla hujamleta mbele yetu, na baba yako wa Wamaza angesikia. Nimemwambia Ernestine hivyo. Amenijibu kwamba kutazama na kusikiliza ni vitu viwili, na masikio yangu hayajakatazwa kitu. Kesho anakwenda kwa mkeo. Analo wazo. Nimemwogopa mwanamke huyu tangu ujana wetu akiwa na wazo.

Kifua chake nilikisikia kidogo kabla hajasema majina. Ni moshi na pumu, hakuna zaidi. Ulale.

Baba yako mdogo,
Kadogo


Kasongo, tarehe 22 Julai 2023

Salomon wangu, mjinga wangu, pumzi yangu,

Barua yako ilinikuta nikikunja nguo ndani ya begi. Nilisoma mpaka kwenye pengo na baiskeli, nikaanza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kilio, na Mama Séraphine akaingia na mchi mkononi akidhani kuna mwizi. Nikamweleza. Akaketi chini pu! “Uliachilia mukwe mugongo?” “Nilimwachia, mama.” “Na jina ulitaja?” “Mara mbili.” Akajifunika uso kwa kikwembe, mabega yanatikisika. “Mimi nilisema ukunywe majani,” akasema humo ndani. “Majani haiwezi kuwa mukwe wa mutu.”

Kesho yake akaja Mama Ernestine. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye hatua za mtu aliyekwisha amua. Alinikumbatia mlangoni kabla sijasema karibu, kisha akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho, na macho yake yakatua dirishani.

“Ile,” akasema. “Toa.”

Ndiyo, mume wangu. Pazia letu. Alilitungua kwa mikono yake, akalikunja kwapani, akanishika mkono, tukapita sokoni hivyo, watu wanatusalimu, yeye anajibu kama mtu anayepeleka bibi arusi. Tulipofika kliniki, akalifunga kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, katikati ya chumba cha daktari. Mimi upande huu kwenye kiti. Upande wa pili nikasikia mlango, halafu kikohozi, mara mbili.

Moyo wangu! Lakini sikugeuka.

Yule mzee akabaki upande wake na masikio ya kile chombo masikioni. Mpira wake ukapita chini ya pazia, na Mama Ernestine akaushika upande wangu, akaweka chuma mgongoni. Kilikuwa cha moto, Salomon. Alikuwa amekipasha kwanza viganjani na kukipitisha.

“Mwambie avute pumzi,” sauti ikasema.

“Anasema uvute pumzi.”

“Nimesikia, baba.”

“Eh!” Mama Ernestine akanipiga begani. “Hapana yeye! Unajibu mimi.”

“Nimesikia, mama.”

“Amesikia,” akapeleka upande wa pili, kana kwamba mzee yuko Kindu.

“Mwambie atoe. Mwambie avute tena. Wewe, shusha chuma kidogo.”

“Chini wapi?”

“Chini ya hapo.”

“Hapo ni wapi? Mimi naona macho yako?”

Mpira ni mfupi, kwa hiyo ilimbidi asogee mpaka pua yake ikalisukuma pazia, na ndege watatu wa manjano wakavimba mbele ya uso wangu, wakawa wanapumua naye. Sikuweza. Nilicheka. Sauti ikasema kwa uzito wote wa udaktari: “Kifua kinacheka. Hiyo ni dalili nzuri. Iandikwe.”

Aliuliza mengi, na kila swali likapita kwenye midomo miwili. Napikia wapi. Nalala upande gani. Kwetu nani alikuwa na kifua kama changu. Hapo nikamwambia Mama Ernestine habari ya baba yangu, jinsi alivyokwenda akitembea. Nilimwambia yeye, kama ilivyoagizwa, lakini najua niliyekuwa namwambia. Hakuna aliyerudia maneno yangu. Hayakuhitaji kurudiwa. Ndege walisimama tuli.

Kisha ile sauti ikasema, chini zaidi, “Mwambie…” ikakohoa mara moja tu. “Mwambie hapa hatumwachi mtu ugonjwa wake peke yake. Mwambie karibu kwetu, binti.”

Mama Ernestine akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa. “Anasema karibu kwetu, binti.”

Nikamwambia, “Mwambie baba, asante.”

Tangu nikiwa darasa la pili sikuwa nimemwita mtu neno hilo.

Basi ameniandikisha. Plamedi alituma kila kitu kwa watu wa bima, nao wamejibu: ndiye daktari wangu wa familia, pompi mpya ninayo, nimeiweka chini ya mto wako. Mama wa Bujumbura amekikunja kile kitanda. Amesema nikupe salamu na matusi, uchague utaanza na lipi. Na moja ya sala zangu imebadilika: sasa nasema tu “Baba wa Wamaza”, naye Mungu anajua ni nani.

Jana nilirudi kupimwa tena, nikauliza kupitia Mama Ernestine kama kifua hiki kinaweza kupanda piki. Pazia likauliza: “Kwenda wapi?” “Anauliza kwenda wapi.” “Lusangi, mama.” “Kufanya nini?” “Anauliza kufanya nini. Na wewe mzee, hiyo ni swali la daktari?” Akakohoa mara mbili. Akasema ruhusa ipo: asubuhi tu kabla ya moshi, kitambaa chenye maji puani, pompi mfukoni, na Amisi akikimbia atamnyang'anya ufunguo yeye mwenyewe. Akaongeza kwamba pazia lile litabaki pale mpaka atakapomwona jogoo, na kwamba jogoo wa Lusangi, alivyosikia, wana miguu mirefu lakini njia hawaijui, wanahitaji mtu wa kwenda kuwaita.

Kwa hiyo usiombe ruhusa tena. Waache wazungu wapumzike. Mtafute jogoo mweupe, mfunge mguu kwenye hema lako, na mwenye nyama asimguse, ni wa baba. Septemba tutamrudisha pamoja, tutakaa kwenye mkeka, na nitamwona uso yule ninayemjua sauti.

Dirisha letu sasa liko wazi. Nilidhani nitahuzunika, lakini asubuhi jua linaingia mpaka kitandani, linalala upande wako, na mimi nalipisha. Lisizoee tu. Kaa kilimani jioni na utazame upande ule ule unaoukosea, nitakuelekeza nikifika, maana kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kwenye piki ya Amisi mbele ya hema lako, mweupe kwa vumbi, na utasema “ebu”.

Naomie, mke wako